Umoja ni Nguvu, Lakini Je, Hudumu? Nadharia ya Michezo na Uthabiti wa Makundi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi nadharia ya michezo inavyoeleza kuundwa, kudumu na kuvunjika kwa makundi. Dhana za muungano, kiini, thamani ya Shapley na mwendo wa makundi zinaelezwa kwa mifano sahili, kisha zinatumiwa kuchunguza miungano ya kisiasa nchini Kenya kati ya mwaka 1992 na 2013, vyama vya kuweka akiba, na kazi chache za fasihi. Hoja kuu ni kwamba kundi linaweza kuwa na manufaa kwa wanachama wake wote na bado likose mgao wa kuwafunga pamoja. Kwa hivyo, usaliti hautoshi kuwa maelezo ya kila kundi linalosambaratika.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hukutana mapema na methali mbili zinazoonekana kukinzana. Ya kwanza husema kuwa umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Ya pili husema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Darasani, methali hizi hutolewa aghalabu kama ushahidi kwamba hekima ya wahenga ina pande mbili, na mjadala hukomea hapo. Aghalabu haiulizwi ni katika hali gani methali ya kwanza hutawala na ni katika hali gani ya pili huishinda.

Swali hilo ndilo linaloshughulikiwa na tawi moja la hisabati na uchumi liitwalo nadharia ya michezo. Licha ya jina lake, nadharia hii haihusu burudani. Mchezo, katika maana yake, ni hali yoyote ambamo matokeo anayopata mtu mmoja hutegemea uamuzi wake na wa wengine pia. Wafanyabiashara wanaoshindana, wanasiasa wanaotafuta kura, wanakijiji wanaochimba kisima na wahusika wa tamthilia wanaopanga njama wote ni wachezaji katika maana hii.

Makala haya hayakusudii kuigeuza fasihi kuwa hesabu. Yanalenga kuonyesha kwamba methali mbili zilizotajwa hapo juu hazikinzani kamwe. Kila moja hujibu swali lake. Ya kwanza hujibu swali la iwapo kundi huzalisha zaidi ya mtu mmoja mmoja. Ya pili hujibu swali la iwapo kuna mgao utakaomfanya kila mwanakundi aone heri kubaki.

2.0 Usuli wa Nadharia

Msingi wa nadharia ya michezo uliwekwa na John von Neumann na Oskar Morgenstern katika kitabu chao cha mwaka 1944. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu michezo yenye wachezaji watatu au zaidi, kwa sababu hapo ndipo jambo jipya huzuka. Wachezaji wawili huweza tu kushindana au kupatana. Wanapokuwa watatu, wawili wanaweza kuungana dhidi ya mmoja, na swali la nani ataungana na nani huwa muhimu kuliko ustadi wa mchezaji yeyote peke yake.

Mbinu yao ilikuwa kuliwekea kila kundi linaloweza kuundwa thamani yake, yaani kiasi ambacho wanachama wake wanaweza kujipatia bila kutegemea walio nje. Baada ya hapo, maswali mawili hufuata: ni makundi gani yataundwa, na wanachama watagawanaje kinachopatikana? Katika miaka ya 1950, wanahisabati Donald Gillies na Lloyd Shapley waliiendeleza kazi hiyo. Shapley alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth.

3.0 Kiini: Mgao Usioweza Kupingwa

Tuchukue mfano wa wakulima watatu wa mahindi: Amina, Baraka na Chepkoech. Kila mmoja akiuza peke yake hupata shilingi 10,000. Wawili wowote wakikodi lori pamoja hupata jumla ya shilingi 30,000. Wote watatu wakiungana hupata shilingi 48,000.

Wakigawana sawasawa, kila mmoja atapata 16,000. Je, kuna wawili wanaoweza kujitenga na kufaidika? Hapana, kwa kuwa wawili wakijitenga watapata 30,000, ilhali ndani ya kundi tayari wana 32,000. Mgao wa namna hii, ambao hakuna kundi dogo linaloweza kuukataa kwa faida yake, husemwa kuwa umo katika kiini cha mchezo. Kiini kikiwa na kitu ndani yake, kundi lina msingi wa kudumu.

Sasa tubadilishe tarakimu moja tu. Tuseme watatu wakiungana hupata 42,000 badala ya 48,000, labda kwa kuwa lori moja haliwatoshi wote. Ili wawili wowote wasishawishike kujitenga, kila jozi inapaswa kupata angalau 30,000. Jozi ziko tatu, na kila mkulima anahesabiwa katika jozi mbili. Kwa hivyo jumla inayohitajika ni nusu ya 90,000, yaani 45,000. Hakuna mgao wowote wa 42,000 unaoweza kutimiza sharti hilo. Kiini ni kitupu.

Ikumbukwe kuwa hata katika hali hii ya pili umoja bado ni nguvu. Wawili wakijitenga na mmoja akabaki peke yake, jumla ya mapato yao wote ni 40,000, ambayo ni pungufu ya 42,000. Kundi la watatu ndilo bora kwa jamii nzima, na bado hakuna mgao unaoweza kulishikilia. Hapa hakuna mkulima mbaya wala mchoyo kuliko wenzake. Tatizo limo katika umbo la mchezo wenyewe. Olga Bondareva mwaka 1963 na Shapley mwaka 1967 walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, masharti kamili yanayoamua ni lini kiini huwa na kitu na ni lini huwa kitupu.

4.0 Mwendo: Kinachotokea Kiini Kikiwa Kitupu

Uthabiti hueleza mahali ambapo makundi yanaweza kutulia. Mwendo hueleza njia wanayopitia wachezaji. Katika mfano wa 42,000, tuanze na watatu wakipata 14,000 kila mmoja. Amina na Baraka wanajitenga na kupata 15,000 kila mmoja, huku Chepkoech akibaki na 10,000. Chepkoech hakubali kukaa hivyo. Anamwendea Amina na kumwahidi 17,000, yeye mwenyewe akiridhika na 13,000. Amina anamwacha Baraka. Baraka naye, aliyeshuka hadi 10,000, anamwahidi Chepkoech 14,000 na kujibakizia 16,000. Sasa Amina ndiye aliyeachwa, naye ataanza kumtongoza Baraka upya. Mzunguko huu hauna mwisho, na katika kila hatua mwenye kuhama ana sababu ya kutosha ya kuhama.

Je, wachezaji hawawezi kuliona hilo mapema? John Harsanyi mwaka 1974 na Michael Chwe mwaka 1994 walishikilia kwamba mchezaji mwenye busara hapimi hatua ya kwanza tu. Huuliza pia hatua hiyo itazaa nini. Amina akitambua kwamba 15,000 za leo zinaweza kuwa 10,000 za kesho, huenda akaridhika na 14,000 za uhakika. Mtazamo wa mbali unaweza kulipa kundi uthabiti ambao hesabu ya papo kwa papo hailipi. Wahenga walilijua hili waliposema kuwa mtaka yote hukosa yote.

Mfano mwingine unahusu mapendeleo badala ya fedha. Mwaka 1962, David Gale na Shapley walichunguza jinsi ya kuwaoanisha wanaume na wanawake ili pasiwepo mwanamume na mwanamke ambao wangependelea kuwaacha wenzi wao na kuchukuana. Walithibitisha kuwa upangaji wa namna hiyo hupatikana daima. Hata hivyo, katika makala hayo hayo walionyesha kwamba pande mbili zikiondolewa, uhakika huo hutoweka.

Mfano wao unawafaa wakazi wa mabweni ya chuo. Wanafunzi wanne wanagawanywa wawiliwawili katika vyumba. Wa kwanza anampenda zaidi wa pili, kisha wa tatu. Wa pili anampenda zaidi wa tatu, kisha wa kwanza. Wa tatu anampenda zaidi wa kwanza, kisha wa pili. Wote humweka wa nne mwisho. Yeyote atakayepangwa na wa nne atamtafuta yule anayempa nafasi ya kwanza, naye atakubali kumwacha mwenzake. Vyumba vitabadilishwa usiku kucha na hakuna mpango utakaotulia. Roth na John Vande Vate walionyesha mwaka 1990 kwamba katika hali ya ndoa, ambamo pande ni mbili, kuvunja na kuunda jozi kwa nasibu hatimaye hufikia utulivu. Katika hali ya vyumba vya wanafunzi hao wanne, hakuna utulivu wa kufikiwa. Muundo wa mahusiano ndio unaoamua.

5.0 Nguvu si Sawa na Idadi

Swali la mgao lina upande mwingine: ni mgao gani ulio wa haki? Shapley, mwaka 1953, alipendekeza kwamba kila mchezaji apewe wastani wa kile anachoongeza anapojiunga na kundi, kwa kuzingatia kila mfuatano ambao wachezaji wangeweza kujiunga. Kipimo hiki huitwa thamani ya Shapley.

Tuseme bunge lina viti 100, na vyama vitatu vina viti 40, 35 na 25. Wingi unaohitajika ni viti 51. Chama chochote kikiungana na kingine hupata wingi. Kwa hivyo thamani ya Shapley ya kila kimoja ni thuluthi moja, licha ya tofauti ya viti. Tuseme sasa vyama vina viti 50, 30 na 20. Hakuna muungano unaoweza kushinda bila chama cha kwanza. Thamani yake hupanda hadi thuluthi mbili, na vingine viwili hupata moja ya sita kila kimoja, ingawa kimoja kina viti 30 na kingine 20. Katika mfano wa kwanza kiini ni kitupu. Katika wa pili kina mgao mmoja tu, nao humpa mwenye turufu kila kitu.

Mwanasayansi wa siasa William Riker aliongeza hoja nyingine mwaka 1962. Alidai kuwa, pale ambapo faida ya mshindi ni hasara ya aliyeshindwa, miungano huelekea kuwa na ukubwa unaotosha kushinda na si zaidi, kwa sababu kila mwanachama wa ziada hupunguza fungu la wenzake bila kuongeza ushindi. Muungano mkubwa mno, kwa mtazamo huu, hubeba mbegu ya kupunguzwa kwake.

6.0 Miungano ya Kisiasa Nchini Kenya

Historia ya Kenya tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi Desemba 1991 inatoa uwanja mpana wa kuzitumia dhana hizi.

Katika uchaguzi wa mwaka 1992, Rais Daniel arap Moi alishinda kwa takribani asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba alipata takribani asilimia 26, Mwai Kibaki 19 na Oginga Odinga 17. FORD, iliyoanza kama chombo kimoja cha kudai mageuzi, ilikuwa imegawanyika mwaka huo huo na kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Kura haziwezi kujumlishwa kama magunia, kwa kuwa wafuasi hawamfuati kiongozi wao kila aendako. Isitoshe, sheria ilimtaka mshindi apate angalau asilimia 25 katika mikoa mitano. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa wapinzani walikuwa na sababu kubwa ya kuungana. Kilichokosekana ni mgao. Urais ni mmoja, haukatwi vipande, na katika katiba ya wakati huo hapakuwa na cheo kingine kilichokaribiana nao kwa uzito. Ambapo tuzo ni moja na haigawanyiki, methali ya fahali wawili huishinda ile ya umoja.

Mwaka 2002 hali ilibadilika. Chama cha NAK na kile cha LDP viliungana mwezi Oktoba na kuunda NARC chini ya mkataba wa maelewano. Raila Odinga alimuidhinisha Kibaki kwa kauli yake mashuhuri, "Kibaki tosha". Katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba, Kibaki alipata takribani asilimia 62, na NARC ikatwaa viti 125 kati ya 210 vya kuchaguliwa. Upande wa LDP ulishikilia kwamba mkataba uliahidi mgao sawa wa nyadhifa na cheo cha waziri mkuu baada ya katiba kubadilishwa. Kwa maneno ya nadharia, urais usiogawanyika ulikuwa umegawanywa kwa njia ya ahadi.

Hapa ndipo penye funzo. Kiini hupimwa kwa kudhani kuwa wachezaji wakishapatana, mapatano yao yatatekelezwa. Mkataba wa mwaka 2002 haukuwa na mahakama wala sheria ya kuutekeleza. Isitoshe, thamani ya kila kundi ilibadilika siku ya ushindi. Kabla ya uchaguzi, upande wa Kibaki uliihitaji LDP ili kushinda. Baada ya uchaguzi, uwezo wa kuteua mawaziri ulikuwa mikononi mwa rais, na washirika wengine waliweza kupatikana. Katikati ya mwaka 2004 wanasiasa wa KANU na FORD-People waliingizwa serikalini. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, viongozi wa LDP walisimama na KANU upande wa chungwa kuipinga rasimu ya katiba, wakashinda. Rais alivunja baraza lake la mawaziri na kuunda jingine bila wao. Kundi la chungwa nalo lilizaa ODM, ambayo iligawanyika mwaka 2007 ilipofikia swali lile lile la nani awanie urais.

Tulinganishe na mapatano ya tarehe 28 Februari 2008, yaliyotiwa sahihi baada ya ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,000. Wahusika wakuu walikuwa wale wale, na kutoaminiana kulikuwa kumezidi. Lakini safari hii mgao uliingizwa katika sheria na katiba: cheo cha waziri mkuu kilianzishwa, na ugavi wa nyadhifa ukaandikwa. Serikali hiyo, pamoja na mivutano yake mingi, ilidumu hadi uchaguzi wa mwaka 2013. Shinikizo la kimataifa na hofu ya kurudi kwenye umwagaji damu vilichangia pia, na haifai kuupa mkataba sifa yote. Hata hivyo, tofauti kati ya ahadi na sheria haiwezi kupuuzwa.

7.0 Kutoka Chama hadi Fasihi

Si wanasiasa pekee wanaokabiliwa na tatizo hili. Katika chama cha mzunguko, wanachama kumi huchanga shilingi 1,000 kila mwezi na mmoja hupokea 10,000. Anayepokea mwezi wa kwanza amepata mkopo: amechanga 1,000 na bado anadaiwa 9,000. Kwa hesabu ya siku hiyo pekee, heri ajitoe. Vyama vingi havivunjiki kwa sababu vimejenga kinga: mgeni hupangwa mwisho wa foleni, wanachama hujuana au hudhaminiana, na mzunguko hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Anayetoroka na 9,000 hupoteza mizunguko yote ijayo na jina lake pia. Hakuna aliyewafundisha akina mama wa soko nadharia ya michezo, lakini kanuni zao ni jibu lake.

Hekaya ya wanyama na kisima, inayosimuliwa kwa namna nyingi Afrika Mashariki, inahusu jambo hilo hilo. Wakati wa ukame wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kufanya kazi, kisha anakuja kuyanywa maji. Wenzake wanaweka mlinzi. Sungura anawahadaa walinzi mmoja baada ya mwingine hadi anaponaswa na Kobe aliyepakwa ulimbo. Msomaji wa kawaida huona ujanja na adhabu. Msomaji aliyezingatia nadharia ataona pia kuwa mada ni gharama ya kumzuia asiyechangia. Kundi lisiloweza kumzuia mdoezi huwavunja moyo hata wachimbaji.

Vivyo hivyo katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya riwaya ya George Orwell. Wanyama wote walihitajiana ili kumfukuza Jones. Alipoondoka, thamani ya kila kundi ilibadilika. Maziwa na matufaha yalipochukuliwa na nguruwe, mgao ulikuwa umepinda mapema, na wanyama wengine hawakuwa na mahali pa kwenda. Mbwa walipokomaa, hawakuwa hata na uwezo wa kukataa. Shamba hilo linadumu, lakini kudumu kwake hakutokani na kiini. Kunatokana na kufungwa kwa milango ya kutokea. Mhakiki anapaswa kutofautisha uthabiti wa ridhaa na uthabiti wa meno.

8.0 Hitimisho

Nadharia ya michezo ina mipaka yake. Huchukulia kwamba wachezaji wanajua wanachotaka na kwamba thamani ya kundi inaweza kupimwa. Haisemi mengi juu ya mapenzi, dini, kiapo au aibu, mambo ambayo fasihi huyachimbua kwa kina zaidi. Mhakiki atakayeitumia peke yake atakuwa kama mwenye kupima ngoma kwa mizani.

Pamoja na hayo, inaturekebishia tabia moja ya kihakiki na ya kiraia. Muungano unapovunjika, huwa tunamtafuta msaliti. Mara nyingine yupo. Lakini mara nyingi wanaoondoka wangeondoka hata wangekuwa waadilifu, kwa sababu mgao uliowafunga haukuwepo, au ulikuwepo kwa maneno tu, au uliandikwa kwa hali ambayo ushindi wenyewe uliibadilisha. Raia anayewalaani wanasiasa bila kuuliza mapatano yao yameandikwa wapi na nani atayatekeleza, ataushangilia muungano ujao na kuulilia tena.

Methali mbili tulizoanza nazo, basi, hazikinzani. Umoja ni nguvu: hiyo ni thamani ya kundi. Fahali wawili hawakai zizi moja: hicho ni kiini kitupu. Anayetaka ya kwanza idumu hana budi kuipatia ya pili jibu, nalo ni kulipanua zizi, au kukubaliana mapema, mbele ya mashahidi wenye uwezo, ni nani atalala wapi.